Kitanda cha Ghorofa: Nani Alale Juu, na kwa Masharti Gani?



Kila mwaka, skuli zinapokaribia kufunguliwa, wazazi wengi wa jamii yetu hapa Muscat huanza kuzunguka maduka ya samani, kuanzia Mutrah na Ruwi mpaka Seeb, wakitafuta kitanda cha ghorofa, kile ambacho waliosoma skuli za bweni kwetu walikiita deka. Sababu zao zinafahamika. Nyumba ni ya vyumba viwili, watoto ni wanne au watano, na haupiti mwaka bila ya shangazi au binamu kuwasili kutoka Unguja, Dar es Salaam au Mombasa, naye anahitaji mahali pa kulala. Kitanda kinacholaza watoto wawili katika nafasi ya mmoja kinaonekana kuwa ndio ufumbuzi wa dhiki yote hiyo.

Hatukusudii kuwavunja moyo wazazi hao. Tunachotaka kukieleza katika makala haya ni kwamba kitanda hiki si sawa na samani nyingine za nyumbani. Kabati likiwa bovu, nguo zitakunjika; meza ikiwa mbovu, chai itamwagika. Kitanda cha ghorofa kikiwa kibovu, mtoto ataanguka akiwa usingizini kutoka kimo kinachofika kifuani mwa baba yake. Kwa hiyo maswali ya kwanza dukani yasiwe ya rangi wala bei. Yawe mawili: ni nani atakayelala juu, na ni kitu gani kitakachomzuia asianguke?

KUTENGANISHA MALAZI

Kwetu sisi Waislamu, kitanda hiki hakinunuliwi kwa ajili ya ufinyu wa nafasi peke yake. Katika Hadithi mashuhuri iliyopokewa na Abu Daud, Mtume Muhammad (S.A.W.) aliwaagiza wazazi wawaamrishe watoto wao kusali wanapotimiza miaka saba, wawashike kwa ukali zaidi juu ya Sala wanapotimiza kumi, na wawatenganishe katika malazi. Nayo Sura An-Nur, katika aya ya 58, inawafundisha hata watoto ambao hawajabaleghe kuomba ruhusa kabla ya kuingia kwa wazee wao katika nyakati tatu za faragha. Mafundisho yote mawili yanatuelekeza kwenye jambo moja: mtoto awe na mahali pake pa kulala. Pale nyumba inaporuhusu, wavulana wawe na chumba chao na wasichana wawe na chao. Na pale isiporuhusu, angalau kila mmoja awe na tandiko lake mwenyewe.

Mzazi anayenunua kitanda kwa nia hiyo hanunui anasa, anatekeleza wajibu. Lakini inafaa tuzingatie umri uliotajwa. Kutenganishwa kumetajwa pamoja na miaka kumi. Umri ambao wataalamu wa usalama wa watoto wanakubali mtoto aanze kulala juu ni miaka sita. Basi hapana mgongano wowote baina ya mambo haya mawili. Watoto ambao haja ya kuwatenganisha ni kubwa zaidi ndio hao hao wenye akili na viungo vya kuweza kulala juu salama. Hakuna amri inayomlazimisha mzazi ampandishe juu mtoto wa miaka minne.

KITANDA CHA WAKUBWA

Watu wawili kulala mmoja juu na mwingine chini si jambo geni katika historia yetu. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said bin Sultan, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1844, aliandika kumbukumbu zake zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886. Humo ameeleza kwamba vitanda vya majumba yao, vilivyokuwa kazi ya mafundi wa Kihindi, vilikuwa virefu hata mtu akahitaji kiti au kiganja cha mtumishi ili apande. Na nafasi iliyokuwa chini ya kitanda ilitumika mara nyingi kumlaza mtu mwingine, kwa mfano yaya wa watoto.

Tangu hapo kitanda cha juu kimekuwa cha mabaharia, cha askari na cha wanafunzi wa bweni. Wote hao ni watu wazima au vijana waliokwishapevuka. Sisi ndio tuliokichukua tukakiingiza katika chumba cha mtoto anayenyonya kidole. Ikiwa tumekihamisha kutoka kwa wakubwa kwenda kwa wadogo, basi ni lazima tukiongezee kinga ambayo wakubwa hawakuihitaji.

PAA LISILO NA UKINGO

Kabla ya umeme kuenea, watu wengi wa Oman walilala juu ya mapaa ya nyumba zao nyakati za joto kali, kwa kuwa mapaa yalikuwa bapa na upepo ulipita huko. Kuhusu desturi hiyo ipo Hadithi nyingine katika mkusanyiko wa Abu Daud, yenye maana ya kwamba mtu anayelala usiku juu ya paa la nyumba lisilo na ukingo, dhima ya kulindwa imeondoka kwake. Onyo hilo linamhusu mtu mwenye akili timamu aliyejichagulia mwenyewe pa kulala. Je, mtoto ambaye hakujichagulia, bali amewekwa huko na wazazi wake? Ghorofa ya juu ya kitanda ni paa, na paa halina budi kuwa na ukingo.

Ukingo huo una masharti yake. Nchini Marekani kanuni iliyoanza kutumika mwaka 2000 inataka ghorofa ya juu iwe na ukingo pande zote mbili, hata upande ulioegemezwa ukutani. Wauzaji wengine hawalijui hili. Katika duka moja mjini tuliambiwa kwamba ukuta wenyewe unatosha kuwa ukingo. Ukuta hautoshi. Kitanda husogea kidogo kidogo kila mtoto anapogeuka, mpaka pakapatikana pengo baina ya godoro na ukuta. Mwili wa mtoto mdogo hupenya katika pengo la namna hiyo, lakini kichwa hakipenyi, naye akabaki ananing'inia kwa shingo. Kanuni hiyo ya Marekani ilitungwa hasa kwa sababu ya watoto waliokufa kwa kukwama.

Kwa ajili hiyo hiyo, nafasi zilizopo baina ya mbao za ukingo, baina ya ukingo na chaga, na katika vitakizo vya kichwani na miguuni, zisizidi sentimita 8.9 kwa kanuni ya Marekani. Kiwango cha Ulaya, kinachojulikana kwa namba EN 747, ni kikali zaidi, kwani kinaishia sentimita 7.5. Mzazi hahitaji kuwa mhandisi ili apime. Akate kipande cha ubao chenye upana na unene wa sentimita 9, akichukue dukani, na akipitishe katika kila uwazi. Kikipita mahali popote, kitanda hicho akiache hapo hapo. Mwanya mkubwa unaoruhusiwa juu ni ule wa kupitia tu, penye ngazi.

GODORO NENE NI ADUI WA UKINGO

Hapa ndipo mapenzi ya wazazi yanapoweza kudhuru. Baba anataka mtoto wake alale raha, basi ananunua godoro nene kuliko yote. Tuseme ukingo umesimama sentimita 30 juu ya chaga. Akiweka godoro la sentimita 20, ukingo unaobaki juu ya godoro ni sentimita 10 tu. Kanuni ya Marekani inataka usipungue sentimita 12.7, na kiwango cha Ulaya kinataka 16. Akiweka godoro la sentimita 12, ukingo unabaki 18, na mtoto yumo salama. Kitanda ni kile kile na ukingo ni ule ule. Kilichobadilika ni godoro. Raha ya mtoto haitokani na unene bali inatokana na sponji ngumu kiasi, isiyobonyea mpaka chaga zikamchoma mbavu.

Pia godoro lijae kitandani. Madukani kuna magodoro ya urefu wa sentimita 190 na ya 200. La 190 likiwekwa katika kitanda cha 200, linaacha pengo la sentimita 10 miguuni, na tumekwishaona pengo linaweza kufanya nini. Ama kuhusu mtoto wa chini, naye ana haki yake: aweze kuketi wima na kusoma bila ya kugonga kichwa. Nafasi ya sentimita 85 hadi 90 baina ya godoro lake na chaga za juu itamtosha.

NANI ALALE JUU

Uchunguzi wa madaktari wa Marekani uliochapishwa mwaka 2008 katika jarida la Pediatrics uliangalia ajali za vitanda hivi kwa watoto na vijana waliopelekwa hospitali baina ya mwaka 1990 na 2005. Makisio yao yalikuwa karibu majeruhi 36,000 kila mwaka. Takriban robo tatu waliumia kwa kuanguka, na nusu ya majeruhi wote walikuwa watoto wasiotimiza miaka sita. Ndiyo maana onyo la kutomlaza juu mtoto wa chini ya miaka sita limeandikwa kwenye vitanda vya Marekani na vya Ulaya pia.

Lakini umri peke yake hautoshi. Asilale juu mtoto mwenye kifafa, anayetembea usingizini, anayejigaragaza sana usiku, au ambaye bado anakojoa kitandani, kwani huyo ataamka gizani kwa haraka na aibu. Vile vile asilale juu mtoto ambaye hajaweza kushuka mwenyewe akiwa na usingizi. Tukumbuke mwezi wa Ramadhani, watoto wanapoamshwa kula daku, na tukumbuke alfajiri za mwaka mzima. Mtoto anayeitwa kwa sauti kubwa kutoka jikoni hukurupuka na kusahau kwamba yuko juu. Anayemwamsha aende mpaka kitandani, awashe taa, amshike mkono, kisha amwambie ashuke.

Na ikiwa watoto wote ni wadogo? Basi wakati wa kitanda cha ghorofa haujafika. Vipo vitanda vya chini vyenye kitanda cha pili kinachovutwa kutoka uvunguni usiku na kurudishwa asubuhi. Na yapo magodoro ya kutandika sakafuni na kukunjwa, ambayo yametulea wengi wetu, na hakuna aliyeanguka kutoka kwenye godoro la chini akavunjika mkono.

CHUMBA KIPIMWE KABLA YA KITANDA

Wazazi hupima upana wa chumba wakasahau kimo chake. Chukulia kitanda ambacho chaga zake za juu ziko sentimita 125 kutoka sakafuni, na godoro ni la sentimita 12. Mtoto atakuwa kwenye kimo cha sentimita 137. Mtoto wa miaka saba mwenye urefu wa sentimita 120 akisimama juu yake, utosi wake unafika sentimita 257. Dari ikiwa ya mita 2.8, na pangaboi likaning'inia sentimita 35 chini ya dari, mapanga yake yanazunguka kwenye kimo cha sentimita 245, yaani usoni mwa mtoto huyo. Kitanda kikae mbali na pangaboi kwa mita mbili kamili. Chumba kikiwa kidogo kiasi cha kutoruhusu hivyo, pangaboi liondolewe na litumike feni la mezani au kiyoyozi peke yake.

Kiyoyozi nacho kina mashaka yake. Joto la Muscat hupita nyuzi 40 wakati wa kiangazi, na viyoyozi hufanya kazi usiku kucha. Kwa kuwa aghalabu hufungwa juu ukutani, upepo wake humpiga moja kwa moja aliyelala juu, hali ya kuwa wa chini analalamika joto. Kitanda kisiwekwe mbele ya mdomo wa kiyoyozi. Kisiwekwe pia kando ya dirisha, hasa kwa wanaoishi kwenye maghorofa, wala karibu na kamba za mapazia, kwani kamba na shingo ya mtoto havipatani. Mahali pazuri ni pembeni mwa chumba, kuta mbili zikikishika, mbali na dirisha.

UIMARA WA KITANDA

Dukani, mzazi ashike nguzo ya kitanda akitikise kwa nguvu. Kinacholia kikiwa kitupu kitalia zaidi kikiwa na watoto. Aangalie kama matendegu na mifumbati vimeungwa kwa bolti na nati, au kwa skurubu zilizopigwa ndani ya mbao za unga ulioshindiliwa kwa gundi, ambazo hulegea upesi. Chaga zifungwe pande zote mbili, zisilale tu juu ya ukingo wa mfumbati. Kikiwa cha chuma, maungio yake yawe yamechomelewa kuzunguka kote, na ncha za mabomba zifunikwe. Ngazi ifungwe imara, na vipandio vyake viwe bapa na vipana, vyenye umbali ulio sawa, maana bomba jembamba la mviringo huumiza nyayo na kuteleza.

Tena asome uzito ambao kila ghorofa inabeba. Mgeni mzima asipandishwe juu kwa sababu tu kitanda kipo. Risiti itunzwe. Oman ina Sheria ya Kumlinda Mlaji, iliyotolewa kwa Amri ya Kifalme namba 66 ya mwaka 2014, na ina mamlaka ya kupokea malalamiko ya wanunuzi. Lakini mlalamikaji asiye na risiti ana kazi ngumu.

VITANDA VILIVYOTUMIKA

Katika jamii yetu, familia inayorejea nyumbani huuzia au huwapa wenzao samani zake. Ni desturi nzuri, tena ni sadaka. Lakini kitanda cha ghorofa kilichofunguliwa na kufungwa mara tatu hupoteza kila safari bolti moja au mbili, na mahali pake pakafungwa waya au kamba. Anayetoa akitoe pamoja na bolti zake zote, zikiwa katika mfuko uliofungwa kwenye mfumbati. Anayepokea akifunge chote kwanza, apime nafasi kwa kile kipande cha ubao, na aone kwamba kingo zote mbili zipo. Pakikosekana ukingo mmoja, fundi seremala ataweza kuutengeneza kwa gharama ndogo. Mpaka siku utakapokuwa tayari, juu pawekwe mabegi, si mtoto.

SHERIA ZA NYUMBA

Kitanda kizuri huharibiwa na matumizi mabaya. Tunapendekeza sheria zifuatazo, ziandikwe na zibandikwe mlangoni:

1. Juu alale mtoto mmoja tu, na hapachezwi mchana wala usiku.
2. Kupanda na kushuka ni kwa ngazi, uso ukielekea kitandani. Kuruka ni mwiko.
3. Hakifungwi kitu chochote kwenye ukingo wa juu: kanga ya kufanyia hema, mtandio, mkanda wala kamba ya kurukia. Watoto hutengeneza bembea kwa vitu hivi, na bembea hugeuka kitanzi.
4. Taa ndogo iwake usiku, na sakafu penye ngazi pasiwe na vitu vya kuchezea.
5. Mdogo asipande juu hata kwa kutembea tu. Ngazi ikiwa ni ya kuondoka, iondolewe mchana.
6. Kila gazeti hili linapofika nyumbani, baba au mama akaze bolti zote. Unyevu wa pwani na ukavu wa kiyoyozi hufanya mbao kuvimba na kusinyaa, na bolti hulegea bila ya kuonekana.

MTOTO AKIANGUKA

Ajali ikitokea, asinyanyuliwe kwa pupa. Akiwa analalamika shingo au mgongo, au hawezi kusogeza kiungo, aachwe alivyo na paitwe msaada kwa namba 9999. Akipoteza fahamu, akitapika tena na tena, akisinzia kuliko kawaida, akipata degedege, mboni za macho zikitofautiana, au akitokwa na damu au maji puani au masikioni, apelekwe hospitali mara moja hata ikiwa ni usiku wa manane. Na asiangaliwe kwa saa moja tu. Dalili nyingine huchelewa, basi alale karibu na mtu mzima usiku huo.

Ndugu wasomaji, watoto ni amana tuliyokabidhiwa. Tunawafundisha dua ya kulala na Ayatul Kursi, na tunamwomba Mwenyezi Mungu awahifadhi usiku wao wote. Dua hiyo tuisindikize kwa ukingo uliofungwa barabara, kama yule aliyeagizwa amfunge ngamia wake kwanza, kisha ndipo amtegemee Mola wake.

Wabillahi tawfiq.